Kitanda cha Sindano

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Tanga, mbele ya wasanii vijana, mafundi cherehani na wazee wa mtaa. Waliokosa kufika wameniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Na nyinyi mafundi mliofunga vibaraza mapema mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana. Najua Jumamosi ndiyo siku ya wateja wanaodai nguo zao, na wengine wenu mmewakimbia.

Nianze na aibu yangu, nikishaitoa nitapumua.

Miaka michache nyuma nilitengeneza kazi ya kusimika. Wengine mnaiita instalesheni. Ni ile sanaa ambayo huitundiki ukutani ikatazamwa. Inajaza chumba, na mtu anaingia ndani yake kama anavyoingia sokoni. Nilikuwa nimesoma habari za Wajapani, jinsi wanavyowasha taa za karatasi siku za Bon, katikati ya mwezi wa Agosti, kuwapokea marehemu wao wanaorudi nyumbani na kuwaaga wanapoondoka. Nikasisimka. Nikanunua taa 200 za karatasi, zile nyeupe za mviringo. Nikazitundika ukumbini siku tatu, shingo ikakakamaa. Nikafukiza udi. Nikaandika maelezo ya ukurasa mzima kuhusu mauti na safari, na nadhani neno "kumbukumbu" lilikuwemo mara nane.

Siku ya ufunguzi akaja bibi mmoja jirani. Akasimama mlangoni, akatazama juu, akatazama huku na huku, akaniuliza: "Mwanangu, harusi ni ya nani?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Harusi ni ya nani! Nilitaka kumwambia bibi kwamba haelewi sanaa. Usiku nikalala chali natazama dari, nikaona alielewa kuliko mimi. Taa zile ndizo zinazokodishwa kwa kumbi za harusi. Nilikuwa nimechukua pambo la Wajapani, nikaiacha kazi ambayo pambo lile linafanya. Mjapani anawasha taa kwa sababu kuna mtu anamngoja. Mimi nilikuwa namngoja nani? Nilikuwa nawangoja wapiga picha.

Basi leo nina jambo moja tu la kuwauliza, nitalirudia mpaka mchoke. Ukichukua mila ya watu ukaitia kwenye sanaa yako, unachukua nini hasa? Pambo, au kazi?

Tubaki kidogo na Bon, maana sikuwamalizia. Ziko familia huko ambazo siku hizo huchukua tango bichi, wakalichomeka vijiti vinne vikawa miguu. Huyo ni farasi. Wanachukua na biringanya, vijiti vinne vilevile. Huyo ni ng'ombe. Wanawaweka pamoja mbele ya sadaka. Farasi ni wa kuja nao, ili marehemu afike upesi. Ng'ombe ni wa kurudi nao, ili aende polepole, aondoke kwa kujivutavuta.

Hebu fikirini. Mtoto wa miaka sita anaweza kuitengeneza. Gharama yake ni tango na biringanya. Na mna jambo ndani yake ambalo mimi kwa taa zangu 200 sikuweza kulisema: njoo haraka, usiondoke haraka.

Sasa twendeni kwenye mti.

Msanii Yoko Ono alizaliwa Tokyo mwaka 1933. Wengi mnamjua kwa mumewe, mwanamuziki John Lennon. Mumewe tumwache kando kwa leo. Mama huyu anasimulia kwamba utotoni alikuwa akienda hekaluni, anaandika ombi lake kwenye karatasi nyembamba, anaifunga kwenye tawi. Miti ya uani ilijaa mafundo hayo, na ukiwa mbali ungedhani imechanua maua meupe.

Mila ya namna hiyo iko hai mpaka leo, tena ina sura nyingi. Hekaluni unavuta karatasi ya bahati, wanaiita omikuji. Ikikuangukia bahati mbaya unaifunga palepale, kwenye mti au kwenye waya uliowekwa kwa kazi hiyo, unarudi nyumbani mikono mitupu. Tarehe 7 Julai iko sikukuu ya Tanabata. Kwingine, kama Sendai, wanaifanya Agosti. Ni siku ya nyota mbili, msichana mfumaji na mchunga ng'ombe, waliotenganishwa na ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza mbinguni, wakaruhusiwa kuonana mara moja kwa mwaka. Watu wanaandika maombi kwenye vipande vya karatasi za rangi, wanavitundika kwenye matawi ya mianzi. Na mafundi wangu, sikilizeni hapa: kwa kuwa yule nyota ni mfumaji, zamani moja ya mambo makubwa yaliyoombwa siku hiyo lilikuwa ustadi wa kufuma na kushona. Watu walikuwa wanaomba mkono mzuri.

Mwaka 1996 Yoko Ono akaanza kazi aliyoiita Wish Tree, Mti wa Maombi. Imezunguka dunia tangu hapo. Ukiutazama mti huo asubuhi, kabla watu hawajafika, utasema msanii amelala kazini. Mti tu, mara nyingi wa aina inayoota mahali hapohapo. Karatasi. Kalamu. Na maelekezo ya mistari michache: omba, andika, kunja, funga kwenye tawi, waambie na wenzako.

Je, alijenga hekalu? Hakujenga. Alisimamisha lango jekundu? Hakusimamisha. Aliwavisha watu kimono? Hakumvisha mtu. Aliweka kalamu!

Vijana wangu, pale ndipo nilipoanza kuelewa harusi yangu ilikuwa ya nani. Kwenye ukumbi wangu mgeni hakuwa na kitu cha kufanya kwa mkono wake. Alikuja kutazama mimi nilivyoguswa. Kwenye mti wa mama yule anakuja na lake moyoni, anapewa mahali pa kulifunga. Mwenye kuugua mwanawe anafunga. Mwenye kutaka kufaulu mtihani anafunga. Asiyeamini lolote naye anafunga, maana mkono ukishapewa karatasi na uzi hauulizi sana.

Kuna Februari moja nilibahatika kufika Tokyo. Baridi yake niiache, nikiisimulia tutakesha. Tarehe 8 nikaenda Asakusa, kwenye hekalu la Senso-ji. Umati unaelekea ukumbi mkubwa, lakini kando kuna kijumba cha ibada kiitwacho Awashima-do. Mbele yake pana meza, na juu ya meza kipande cha tofu. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, laini kama mtindi mzito unaoweza kuukata kwa kisu. Kipande chenyewe kikubwa, si cha kula.

Foleni ya watu, wengi wanawake. Wengine wazee wenye kimono, wengine wasichana wenye mabegi mgongoni. Kila mmoja ana sindano zake zilizovunjika, zilizopinda, zilizoshika kutu. Anafika, anaichomeka sindano kwenye tofu, anakutanisha viganja, anainamisha kichwa, anaondoka. Wanaiita Hari-kuyo. Hari ni sindano. Kuyo ni ibada wanayofanyiwa waliotangulia. Huko Kyoto na pande za magharibi wanaifanya tarehe 8 Desemba. Desturi ni kwamba siku hiyo fundi hashoni.

Kwa nini tofu? Ukiuliza utajibiwa jambo jepesi kabisa: sindano imepita kwenye vitu vigumu maisha yake yote, sasa ipumzike kwenye kitu laini. Na wapo wanaosema kwamba mwanamke aliyeinamia nguo usiku kucha alimwachia sindano siri asizoweza kumwambia mtu, kwa hiyo sindano inaondoka nazo.

Nikasogea karibu kabisa. Sindano ikiingia kwenye tofu haina sauti. Nyinyi mafundi mnaijua sauti ya sindano. Mnaijua inavyopiga kwenye jinzi, na ule mlio mmoja mkavu inapokatika, moyo unaruka kwa sababu hujui kipande kimerukia wapi, kwenye kitambaa au kwenye jicho. Pale ilikuwa kimya. Kitone cha maji kinapanda ubavuni mwa sindano, kinasimama, basi. Tofu yote imejaa vichwa vya pini vya rangi, vyekundu, vya njano, vya kijani, kama shamba dogo.

Nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa namuwaza marehemu mama yangu. Alishona kwa cherehani ya kukanyaga miaka thelathini na zaidi, akatusomesha. Sindano zake zilizovunjika alikuwa anazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Hakuzitupa jalalani, akihofia miguu ya watoto. Hivyo ndivyo alivyotuambia. Sasa najiuliza: miaka yote ile, ilikuwa miguu yetu tu?

Nyuma ya mila hii kuna imani kongwe kwamba chombo kikitimiza miaka 100 kinaingiwa na roho. Ziko picha za kuchorwa za zama za Muromachi, karne ya 14 mpaka ya 16, zenye vyombo vilivyoota miguu na macho. Kisa chake ni kwamba watu walivitupa vyombo vikuukuu wakati wa kusafisha nyumba kuukaribisha mwaka mpya, na vyombo vikakasirika. Tumetumika miaka yote, leo tunatupwa njiani? Mtacheka. Lakini wewe hapo, ile cherehani mbovu ya marehemu iliyoko stoo, mbona mwaka wa kumi hujaiuza chuma chakavu?

Chiharu Shiota ni msanii aliyezaliwa Osaka mwaka 1972, anaishi Berlin. Mwaka 2015 alikabidhiwa jumba la Japani kwenye maonyesho ya Biennale ya Venice, Italia. Akawaomba watu wampe funguo zao za zamani. Zikaja kutoka nchi nyingi, zaidi ya 50,000. Akaweka mashua mbili kuukuu za mbao, na juu yake akafuma nyuzi nyekundu, wavu juu ya wavu, mpaka dari isionekane, na funguo zikaning'inia humo kama mvua iliyosita kabla ya kugusa chini. Akaiita kazi hiyo The Key in the Hand, Ufunguo Mkononi.

Nani hapa hana ufunguo usiofungua kitu? Wa nyumba mliyohama. Wa kabati lililokwisha kuliwa na mchwa. Huutumii na huutupi. Shiota aliijua hali hiyo, akaitafutia mahali. Wajapani wana simulizi, asili yake Uchina, kwamba watu walioandikiwa kukutana wamefungwa uzi mwekundu usioonekana, na wao husema umefungwa kwenye kidole kidogo. Mle ukumbini huoni sanamu ya wapenzi wenye vidole vilivyofungwa. Unaona uzi, na kwenye uzi kuna ufunguo wa mtu usiyemjua. Sindano hakuna, tofu hakuna. Lakini mimi niliyesimama Asakusa naijua ile foleni, na kwangu ndiyo ileile: watu wanakuja na kitu chao kilichochoka, wanakikabidhi. Huyu naye hakuchukua pambo.

Sasa niwaeleze habari ya taa, maana naona mafundi mnaanza kusinzia kwa habari za roho.

Isamu Noguchi, mchonga sanamu, baba Mjapani, mama Mmarekani, alizaliwa Los Angeles mwaka 1904. Mwaka 1951 alipita mji wa Gifu, akaenda kuwatazama wavuvi wa mto Nagara, wale wanaovua usiku kwa ndege aina ya mnandi, moto unawaka kwenye kikapu cha chuma mbele ya mtumbwi. Gifu ni mji wa mafundi wa taa za karatasi, zile hasa zinazotundikwa siku za Bon. Biashara ilikuwa imedorora. Meya akamwomba: tusaidie.

Angeweza kuchora picha nzuri ya taa, akauza New York. Yeye aliketi na mafundi wenyewe. Nawaeleza jinsi wanavyofanya, maana ni utamu mtupu. Kuna kalibu ya mbao, vipande vilivyopangwa kama vile vya ndani ya chungwa. Juu yake wanazungusha kijiti chembamba cha mwanzi, kinazunguka na kuzunguka kutoka juu mpaka chini. Wanapaka gundi. Wanabandika karatasi iliyotokana na magome ya mforsadi, ukanda kwa ukanda. Ikikauka, fundi anaingiza mkono kwenye tundu, anaichomoa kalibu kipande kimoja kimoja kutoka ndani. Taa inabaki imesimama peke yake. Ukiibonyeza inajikunja ikawa bapa kama sahani. Noguchi akaondoa mshumaa akatia balbu, akabuni maumbo ambayo Gifu haikuwahi kuyaona, akaziita Akari, yaani mwanga. Mwaka 1986 alipoiwakilisha Marekani kule Venice, taa zile alizipeleka kama sanamu. Na Akari halisi bado zinatengenezwa Gifu, kwa mikono.

Mnajua kilichonichoma? Zile taa za mviringo za bei rahisi zilizojaa duniani zimeiga zake. Taa zangu 200 za harusi zilikuwa vitukuu vya kazi ya Noguchi, na mimi nilizinunua kwa katoni, sikujua hata nani kazibandika karatasi. Mila ina mafundi wake. Ukitaka kuiingiza kwenye sanaa yako, kaa nao chini kwanza, uharibu karatasi yao mbili tatu, wakucheke.

Jambo la mwisho nalipitia haraka. Maonyesho yakiisha, vile vitu vinakwenda wapi? Mila inalijua jibu lake kabla haijaanza. Taa zinazoelea mtoni, kama zile za Hiroshima kila tarehe 6 Agosti, siku hizi mahali pengi zinaopolewa zisichafue maji. Mapambo ya mwaka mpya yanachomwa katikati ya Januari. Maombi ya mti wa Yoko Ono, yameshapita milioni moja, hayatupwi; yanapelekwa kisiwa cha Viðey, Iceland, kwenye mnara wa nuru aliouzindua tarehe 9 Oktoba 2007. Sisi wasanii je? Mimi taa zangu ziliishia stoo, panya wakazalia humo. Bora wangekuja kweli watu wa harusi wakazichukua.

Najua yuko anayesema moyoni: kwa nini Japani, na sisi hapa Amboni tuna mapango watu wanakwenda kwa mizimu, wanaacha sadaka zao? Ni kweli. Lakini mimi nimepita mlangoni pa Amboni tangu nikiwa mtoto nimeshika mkono wa baba, sikuwahi kuuliza mtu akiacha pale anapunguza nini kifuani. Ilibidi niione tofu.

Basi nikarudi. Nikaanza kupita vibarazani na lile kopo la mama yangu, nawaomba mafundi sindano zilizovunjika. Wengi wenu mlinidhania nina mambo ya uganga. Fundi mmoja yuko hapa, simtaji, alinifukuza kwa fito ya kupimia. Tofu sikutaka. Tofu ni yao, tena kwa joto la Tanga ingechacha kabla ya adhuhuri. Kitu gani chetu ni laini, fundi akichoka akilalie? Nikaenda kwa mama anayejaza mito, nikanunua sufi. Nikashona mto mmoja mkubwa, mweupe, nikautandika juu ya kitanda cha kamba, chumbani, taa moja. Kitanda kile ni cha mama. Sindano za kopo nikazichomeka za kwanza. Maelezo sikuandika hata mstari. Nikaweka stuli kando ya kitanda.

Mto huo sasa una sindano nyingi, na bado hatujaamua uende wapi. Fundi mmoja anasema zizikwe. Mwingine anasema zipelekwe kwa mhunzi ziyeyushwe ziwe kitu kimoja. Wataamua wao.

Siku ya pili jioni, nilikuwa nakaribia kufunga, akaja bibi mmoja amefungia kibiriti kwenye pindo la khanga. Si yule wa harusi, mwingine. Akaketi kwenye stuli, akakifungua kibiriti. Sindano saba. Nikataka kumsaidia maana mkono unatetemeka, akanizuia. Akazichomeka moja moja, taratibu, anazipapasa kwanza kwa kidole gumba, kila moja anaitaja. Hii ilivunjikia kwenye turubai. Hii kwenye sare za shule, mwezi wa kwanza. Hii sikumbuki.

Alipofika ya saba nikaona inang'aa, haina hata kutu.

"Bibi," nikamwambia, "hii nzima."

"Naijua ni nzima, mjukuu wangu. Macho ndiyo yamekwisha."

Akaichomeka. Akakifunga kibiriti kitupu, akakirudisha kwenye pindo, akaniuliza kama bajaji za kwenda Chumbageni bado zinapatikana saa hizi.